UVIKO ni darasa? Maneno ya janga yanavyopita mfukoni

Jaribu jambo moja dogo. Ukifika Buganguzi, au kata nyingine yoyote ya Muleba, muulize kijana wa sekondari UVIKO ni nini. Usishangae akikunyooshea kidole jengo: "Yale pale, madarasa ya UVIKO." Wala hajakosea. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Tanzania dola milioni 567.25, kama shilingi trilioni 1.3, za kukabiliana na athari za korona. Mwezi uliofuata serikali ilizindua kampeni ya kuzitumia, na sehemu yake ikaenda kwenye madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Zikaitwa fedha za UVIKO, na majengo yakawa madarasa ya UVIKO.

Sasa tazama kilichotokea. Wataalamu walikaa wakatunga kifupisho cha heshima, "Ugonjwa wa Virusi vya Korona", wakakiongezea 19 ya mwaka 2019. Mtaani ugonjwa ukaendelea kuitwa korona, kama ulivyoitwa tangu siku ya kwanza. Kifupisho kilikuja kushika baadaye, kilipoambatana na saruji, mabati na ajira za mafundi. Jina la ugonjwa likaingia vinywani kama jina la hela.

Unaweza kucheka ukaendelea na shughuli zako. Mimi naona hapo kuna somo ambalo sisi tunaoandika juu ya sayansi tumelikwepa kwa muda mrefu. Wakati wa janga, neno linalobaki ni lile lililogusa mfuko na mikono ya watu, liwe sahihi lisiwe sahihi. Sisi tunatunga maneno kana kwamba kazi inaishia kwenye usahihi. Na Kagera, ambako maradhi na ukata vimewahi kuja vimeshikana mikono, gharama ya neno baya tunaijua.

Kwa hiyo katika makala hii nataka tuyahukumu maneno yenyewe, kama mtu anavyohukumu filamu au kitabu. Kipimo changu kina maswali matatu. Je, neno linakuambia kitu kinaingiaje? Je, linakupa la kufanya? Na la tatu, ambalo huwa tunalisahau: je, linamtwisha nani mzigo wa lawama?

Mwaka 1983: mlanguzi anabeba misalaba miwili

Tuanze na zamani kidogo, kwa sababu korona haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa huu kupata ugonjwa mpya katikati ya hali ngumu ya uchumi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Kampala ilianguka Aprili 1979, na mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina kuwa Kagera. Baada ya vita hazina ilikuwa tupu. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Sukari, sabuni, nguo, vyote vikawa vya kutafuta kwa tochi.

Kipindi hicho kilizaa msamiati wake, na wengine waliozaliwa miaka ya tisini kama mimi tumeukuta kwa wazazi. Magendo. Ulanguzi. Kulangua. Maduka ya kaya. Mwaka 1983 likaongezeka zito zaidi: wahujumu uchumi. Hiyo ilikuwa kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na sheria maalumu ikatungwa kwa ajili yake. Ukiyatazama maneno haya utaona yana sura ya mtu. Mlanguzi ni mtu. Mhujumu ni mtu. Uchumi ulikuwa umeanguka kwa sababu nyingi: gharama za vita, bei ya mafuta, bei ya mazao ya kuuza nje, na sera zenyewe. Lakini neno lililotawala lilimwonyesha jirani yako aliyeficha mafuniko matatu ya sabuni uvunguni.

Mwaka huohuo wa 1983, katika hospitali ya Ndolage hapahapa Muleba, waligunduliwa wagonjwa watatu ambao kumbukumbu za nchi zinawahesabu kuwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania. Neno UKIMWI lilikuwa halijakuwepo. Watu walikuwa tayari wana lao: Juliana.

Juliana ilikuwa jina la nguo. Kitambaa hicho kilipendwa sana, kilitoka upande wa Uganda, na kiliingizwa na vijana waliokuwa wakivuka mpaka kwa magendo. Walioanza kukonda na kufa walikuwa wengi wao watu wa biashara ile na wenza wao. Basi ugonjwa ukaitwa kwa jina la bidhaa. Wapo walioamini kuwa ni uchawi: kwamba wafanyabiashara wa upande wa pili, waliodhulumiwa fedha zao, walikuwa wanalipiza. Ng'ambo ya mpaka, kwenye wilaya ya Rakai inayopakana na Kagera, watu waliuita Slim, yaani wembamba, kwa sababu mgonjwa alikuwa anakonda. Jina hilo la mtaani liliingia hadi kwenye jarida la Lancet mwaka 1985, madaktari walipouandika ugonjwa huo kwa mara ya kwanza kutoka Uganda.

Hebu tuipime Juliana kwa maswali yetu. Swali la kwanza, inakuambia ugonjwa unaingiaje? Kwa kiasi, na hapa ndipo wasomi wengi hukosea wanapoicheka. Neno hilo lilikuwa na epidemiolojia ndani yake. Lilisema ugonjwa huu unatembea na njia za biashara, unavuka mpaka, unafuata fedha. Utafiti ulikuja kuunga mkono sehemu hiyo. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wa Bukoba mjini yakiwa asilimia 24.2, Bukoba Vijijini na Muleba asilimia 10, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4 tu. Ramani ya virusi ilikuwa karibu na ramani ya magendo.

Swali la pili, ilimpa mtu la kufanya? Hapana. Ukiacha kununua kitambaa, virusi vinakuja vilevile. Mkulima wa Buganguzi ambaye hajawahi kuvuka mpaka angeweza kujiona salama, kumbe mwenza wake alikuwa ameshaambukizwa.

La tatu ndilo baya zaidi. Juliana ni jina la kike. Kwa neno moja, lawama ziliangukia mwanamke na mchuuzi. Kijana wa magendo alihukumiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja: serikali ilimwita mhujumu uchumi, majirani wakamwona ndiye mleta ugonjwa. Msamiati wa njaa na msamiati wa maradhi ulikuwa umekuwa kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani lilikuja kutoa mwongozo Mei 2015 likiwataka wanasayansi wasiyape magonjwa mapya majina ya watu, mahali, wanyama au kazi za watu. Ukiusoma mwongozo ule huku unaijua Juliana, huhitaji maelezo marefu.

UKIMWI: neno zuri lenye mtoto msumbufu

Kisha likaja neno la wataalamu. Upungufu wa Kinga Mwilini, UKIMWI. Kwa utunzi, hili ni mojawapo ya maneno bora ya sayansi tuliyo nayo katika Kiswahili. Linatamkika kama neno la kawaida na linaingia kwenye sarufi bila shida. Ndani yake kuna "kinga", neno ambalo kila mzazi analijua. Halimtaji mtu wala mahali. Kwa maneno manne limeeleza kinachoharibika mwilini.

Tatizo lilianza kwa mtoto wake, VVU. Virusi vya UKIMWI. Umeona kasoro? Jina la virusi limebeba ndani yake jina la hatua ya mwisho ya ugonjwa. Mtu aliyeambukizwa jana, mwenye afya na nguvu za kulima kibanja chake chote, anapewa jina lenye UKIMWI ndani. Ndiyo maana hadi leo watu wanasema "kupima UKIMWI", ilhali kipimo kinatafuta dalili za maambukizi ya virusi, hakipimi upungufu wa kinga. Mtaani wakatafuta njia ya kulikwepa neno lenyewe: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Haya ni maneno ya hofu yaliyovaa utani. Ukikanyaga waya wa umeme umekwisha, hakuna cha kuongeza.

Lakini tuwe wa haki. Kampeni ile haikuishia kwenye jina. Ilikuja na vitenzi: pima, tumia, subiri. Uchunguzi wa kurudia ulikuta maambukizi Muleba yameshuka kutoka asilimia 10 mwaka 1987 hadi 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999. Neno peke yake halikufanya kazi hiyo, na vifo navyo vilipunguza idadi. Hata hivyo takwimu za maambukizi mapya nazo zilikuwa zinashuka, maana yake watu walibadili mambo.

Na zikaja dawa, pamoja na neno ninalolipenda kuliko yote katika eneo hili: kufubaza. Dawa za kufubaza virusi. Kitu kilichofubaa ni kilichopoteza mng'ao na makali yake, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Hakijaondoka, kipo, ila hakina nguvu. Hivyo ndivyo dawa zile zinavyofanya kazi: virusi vinabaki mwilini lakini vimezuiwa kuzaliana. Neno hilo linaeleza pia kwa nini ukiacha dawa makali yanarudi. Aliyelichagua anastahili zawadi.

2020 na 2021: maneno ya kutenda na maneno ya kuficha

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Ndani ya wiki chache tulikuwa tunaongea lugha mpya. Ngoja niyachambue maneno manne.

Barakoa. Neno hili halikutungwa kwa ajili ya korona. Lilikuwepo kwenye kamusi miaka mingi, likimaanisha kile kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Uarabuni. Watu wa bara wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2020, likaingia mara moja. Linaeleweka kwa macho: ukiona kitu, umejua neno. Fundi cherehani wa kijijini alipoanza kushona za vitambaa vya vitenge, neno likapata na bei. Hapo likawa halitoki tena.

Karantini. Hili nalo wafugaji wa Kagera wanalijua vizuri, kwa sababu bwana mifugo huweka karantini ng'ombe wanapougua. Lilikuwa na faida ya kueleweka na hasara ya kueleweka. Karantini ya ng'ombe maana yake mnada umefungwa, huuzi, hupati ada ya shule. Kwa hiyo mtu aliyesikia "karantini" alisikia hasara kabla hajasikia kinga. Tulipaswa kulijua hilo kabla ya kulitumia kwa watu.

Nyungu. Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji wa pande zote. Kisayansi, mvuke wa majani kwenye chungu hauui virusi vilivyoko ndani ya seli za mapafu, na umewaunguza watu. Lakini kama neno, nyungu liliyashinda maneno yetu yote. Kupiga nyungu ni kitenzi, kina vifaa vinavyopatikana nyuma ya nyumba, kinafanywa na familia pamoja, na hakina gharama kubwa zaidi ya limao na tangawizi. Mtu aliyepiga nyungu alitoka anatokwa jasho, ana uhakika kuwa amefanya kitu. Sisi wakati huo tulikuwa tunamwambia "zingatia afua zisizo za kitabibu". Jamani. Nani anatoka jasho kwa afua?

Changamoto ya upumuaji. Hili ndilo neno ninalolihukumu vikali kuliko yote. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa mwaka 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Mapema mwaka 2021 misiba iliongezeka, na neno likapatikana la kuielezea: marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji. Tulipime. Linasema ugonjwa umeingiaje? Hapana, kwa sababu changamoto haiambukizi. Linakupa la kufanya? Hapana. Ukiambiwa jirani amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, unajiuliza ulikaa naye lini. Ukiambiwa amekufa kwa changamoto, unatoa rambirambi na kukaa kwenye turubai mmebanana. Linamlaumu nani? Hakuna, na huo ndio utamu wake. Neno hilo lilimpa kila mtu nafasi ya kutozungumza.

Mtu anaweza kuniambia kuwa Kiswahili kina adabu, na adabu hutaka tusitaje ugonjwa wa marehemu hadharani. Ni kweli. Mhaya anajua kuzunguka jambo kwa heshima, na sina ugomvi na hilo. Lakini tasfida ya msibani inamstahi marehemu na familia yake. Tasfida ya takwimu inamstahi nani? Waliobaki hai walikuwa na haki ya kujua.

Nani amekaza vyuma?

Sasa twende kwenye mfuko, maana janga lile lilikuja na hali ngumu. Kwa takwimu rasmi, ukuaji wa uchumi wa Tanzania ulishuka kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019 hadi 4.8 mwaka 2020. Magazeti yakaandika "mdororo wa uchumi". Mtaani watu walikuwa na lao tangu miaka michache kabla: vyuma vimekaza.

Ninalipenda neno hilo kama lugha. Lina sauti ya gereji. Nati ikikaza, huzungushi, spana inateleza, unabaki unatoka jasho bila gari kwenda. Ukiwaambia watu wawili tu "vyuma vimekaza", wote wanajua kwamba mkopo hautalipwa wiki hii. Hakuna ripoti ya benki kuu inayoweza kusema hivyo kwa maneno mawili.

Lakini itazame sarufi yake. Vyuma vimekaza. Vyenyewe. Sio "vimekazwa", ambapo mtu angeuliza: na nani? Mdororo nao ni hivyohivyo, uchumi umedorora kama mgonjwa aliyelegea, hakuna mtenda. Ni maneno yanayoeleza uchungu vizuri mno, na yanafunga mlango wa kuuliza chanzo. Linganisha na mwaka 1983, ambapo kila neno lilikuwa na mhalifu. Kutoka "mhujumu" tumefika "vimekaza": kutoka lawama kwa jirani hadi lawama kwa hewa. Yote mawili yanamkwepa anayepanga sera.

Halafu Julai 2021 likaja neno la aina nyingine kabisa. Tozo. Serikali ilianza kutoza kila muamala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kutegemea kiasi. Tozo linatokana na kutoza, na kutoza ni kitenzi ambacho lazima kiwe na watu wawili: anayetoza na anayetozwa. Huwezi kusema "fedha zimetoza" ukaeleweka. Nchi nzima ilibishana, kwenye daladala, kwenye vilabu vya rubisi, bungeni. Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye vikapunguzwa tena.

Sisemi sarufi ndiyo iliyopunguza tozo. Watu walikuwa wanaona makato kwenye ujumbe wa simu zao wenyewe. Ninachosema ni kwamba neno lenye mtenda ndani yake linaruhusu mjadala, na neno lisilo na mtenda linaruhusu kuguna tu. Kijana wa Buganguzi anayemtumia mama yake shilingi elfu ishirini kutoka Mwanza alikuwa na neno la kumuuliza mbunge wake. Aliyekufiwa na baba kwa "changamoto" hakuwa na neno la kumuuliza mtu yeyote.

Marburg: siku tano za ukweli

Kwa nini haya yanatuhusu leo, wakati barakoa zimeshageuzwa vitambaa vya kufutia baiskeli? Kwa sababu Kagera haijapata nafasi ya kupumzika.

Tarehe 16 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa kuna ugonjwa usiojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Watu saba walikuwa wameugua, watano wamefariki. Tarehe 21 wizara ikathibitisha: ni Marburg. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, ukiwa na wagonjwa tisa na vifo sita.

Nalisifu neno "ugonjwa usiojulikana" lililotumika siku zile tano. Linatisha, lakini ni la kweli, na lina la kufanya ndani yake: kisichojulikana, usikiguse. Nikilinganisha na changamoto ya upumuaji, naona tulijifunza kitu. Lakini kujifunza kwetu hakukuwa kamili. Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo. Taarifa ya kwanza ya wizara ilisema sampuli hazikuonyesha Marburg, na tarehe 20 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa upo. Katika siku kama hizo, mwananchi anabaki na maneno mawili yanayopingana, na uvumi unapata nafasi.

Jina Marburg lenyewe linafaa kuhojiwa. Ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara wa huko, wa Frankfurt na wa Belgrade waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Walioambukizwa walikuwa 31, saba wakafa. Virusi vikapewa jina la mji wa wagonjwa. Kwa mkulima wa Maruku, jina hilo halisemi lolote. Halimlaumu jirani yake, hiyo ni nafuu. Ila halimwambii kitu kuhusu popo wala damu.

Pengo hilo lilitakiwa kuzibwa na maelezo, na hapa nina malalamiko yangu kwa mabango na vipeperushi vyetu. Maneno yanayorudiwa ni "epuka kugusa majimaji ya mwili". Nilimuuliza shangazi yangu wa Buganguzi anaelewa nini. Akafikiri, akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na watoto: "Si mambo ya chumbani, mwanangu?" Kumbe kwake hilo ni tangazo la UKIMWI. Sasa fikiria mtu kama yeye anapokwenda kumwogesha ndugu aliyefariki, jambo ambalo kwetu ni la heshima ya mwisho. Hataona kama tangazo linamhusu. Kama tunamaanisha damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho na mate, tuseme damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho na mate. Ni maneno sita. Bango lina nafasi.

Somo kutoka shambani

Watu wakiniambia kuwa lugha ya sayansi haiwezi kuwa nyepesi na sahihi kwa wakati mmoja, huwa nawapeleka kwenye migomba. Mwaka 2006 ugonjwa wa bakteria wa migomba uligunduliwa Tanzania kwa mara ya kwanza, na ilikuwa hapahapa Muleba. Kwa Mhaya, mgomba ni chakula, ni kinywaji, ni heshima ya nyumba. Kwa hiyo lilikuwa janga na anguko la kipato kwa pigo moja.

Neno lililotumika ni mnyauko. Limetokana na kunyauka, kitu ambacho mkulima anakiona kwa macho asubuhi. Halimtaji mtu. Na maelekezo yake yalikuwa vitenzi vitupu: vunja ua dume kwa mti wenye panda, usitumie kisu, ng'oa shina lililougua, pitisha panga kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla hujagusa mgomba mwingine.

Soma tena hilo la mwisho. Bakteria haonekani, amekaa kwenye chuma, anahama kutoka mgonjwa hadi mzima kwa mkono wa mtu mwenye nia njema, na moto au jiki linamkatiza. Hiyo ni nadharia ya vimelea, nzima, kwa sentensi moja ya shambani. Wapo waliopuuza, maana kung'oa mgomba wa babu si jambo jepesi. Lakini waliofuata walijua wanafanya nini na kwa nini. Miaka kumi na minne baadaye, korona ilipoingia, wakulima wa Muleba walikuwa tayari na somo la kitakasa mikono vichwani mwao. Sikumbuki kipeperushi hata kimoja kilichosema: "Mikono yako ni kama panga lako la kibanjani."

Tufanye nini, basi?

Sina shida na BAKITA wala na kamati za istilahi. Tunahitaji UVIKO-19 kwenye ripoti na VVU kwenye maabara. Ninachoomba ni kwamba neno lolote la afya, kabla halijatoka ofisini, lipite mikononi mwa watu wasiolijua: muuza dagaa wa mwaloni, bwana mifugo, mama anayeosha maiti, fundi wa pikipiki. Waulizwe yale maswali matatu. Wakishindwa la pili, yaani hawajui wafanye nini, neno lirudi jikoni.

Ninaomba pia tuache kutenganisha maneno ya maradhi na maneno ya pesa kana kwamba yanamkuta mtu siku tofauti. Ukimwambia mchuuzi "jitenge siku 21", amesikia siku 21 bila mauzo. Hizo siku 21 zina sababu nzuri, kwa kuwa dalili za Marburg zinaweza kuchelewa mpaka muda huo. Lakini tangazo lisilosema nani atamletea unga katika siku hizo limemaliza nusu ya sentensi tu, na yeye ataimalizia mwenyewe kwa kutoroka usiku.

Wewe msomaji unaweza kuanza na kazi ndogo. Chukua tangazo la afya lililobandikwa zahanati ya kijijini kwenu, lisome kwa sauti mbele ya mtu mzima mmoja nyumbani, kisha muulize kesho asubuhi atafanya nini tofauti. Jibu lake liandike kama alivyolisema, kwa maneno yake. Hapo ndipo istilahi bora zinapoanzia.